Mahame ya Engaruka na Mifongo Yetu

Mtu akisimama penye mji uliohamwa, swali moja humjia upesi: Je, watu hawa walikosa nini hata mji wao ukawa mahame? Swali hili ni la tangu zamani, na sisi tuandikao tulidhani twalijua jibu lake. Lakini katika likizo ya majira ya baridi ya mwaka uliopita tuliona kwamba swali lenyewe halikuelekezwa mahali pake. Twapenda kuwaeleza ndugu wasomaji jinsi tulivyoona, nao wapime kama tumesema kweli.

Kila akaaye katika miteremko ya Kilimanjaro aijua baridi ya Juni na Julai. Ukungu hushuka migombani tangu asubuhi, nguo hazikauki, na wenye vifua vibovu hukohoa usiku kucha. Sisi tulikuwa miongoni mwa hao. Basi shule ilipofungwa tulishauriwa kushuka kwenye joto, tukapanda basi kutoka Moshi hata Arusha, na kutoka Arusha hata Mto wa Mbu, tukakaa wiki tatu nyumbani kwa shemeji yetu alimaye ndizi huko. Mto wa Mbu ni mji ulio chini ya ule ukuta mkubwa wa Bonde la Ufa, karibu na Ziwa Manyara. Maji yatokayo kwenye ukuta ule huongozwa kwa mifereji mpaka migombani, hata sisi Wachaga tukajiona kana kwamba tuko kwetu, ila hapana ukungu.

Siku moja mzee mmoja wa kanisa la huko alituambia, “Mwalimu, wewe wapenda habari za kale. Kesho gari laenda Engaruka. Twende ukaone miji ya watu waliofutika.” Tukafuatana naye. Safari yenyewe ni ya kilomita kama 60 kwenda kaskazini, katika vumbi jingi, na ukuta wa Bonde la Ufa u mkono wa kushoto njia yote. Mbele huonekana Ol Doinyo Lengai, mlima wa moto ambao Wamasai huuita Mlima wa Mungu. Nchi ile ni kavu, mvua yake ni haba, miti ni migunga tu. Kisha ghafula waona mashamba ya kijani, maana hapo mto wa Engaruka watoka katika korongo la mlima, nao haukauki. Watu wa siku hizi wautumia kumwagilia mahindi, maharagwe na migomba.

Kijana mmoja wa Kimasai wa kijiji kile alituongoza. Tulitazamia kuona minara na kuta ndefu, kama zile picha za Kilwa ambazo huwaonyesha watoto shuleni. Hapakuwa na kitu kama hicho. Tuliona mawe, mawe, na mawe tena. Lakini tulipotuliza macho tukaanza kuyasoma. Juu, penye mteremko, mlikuwa na vijiji: kila nyumba ilikatiwa uwanja wake katika mlima, na uwanja ukashikwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala udongo. Chini ya vijiji, katika uwanda, palikuwa na mashamba, nayo yaligawanywa kwa mistari ya mawe kuwa vipande vidogo vidogo. Katikati ya mashamba mlikuwa na chungu za mawe yaliyookotwa ili jembe lipite, na mazizi ya mviringo. Na katika mashamba yote mlipita mifereji iliyojengewa mawe kandokando, ikiteremka kidogo kidogo sana, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona. Maji peke yake yangekijua. Mashamba hayo yanaenea kilomita za mraba kama 20.

Wataalamu wamelichungua jambo hili tangu siku nyingi. Mjerumani Gustav Fischer alipita hapo mwaka 1883 akayaona mawe hayo. Mwaka 1935 alikuja Louis Leakey, naye akakadiria kwamba watu walioishi hapo walikuwa kati ya 30,000 na 40,000. Waliochimba baada yake waliipunguza sana hesabu hiyo. Wamegundua kwamba watu hao walilima hapo tangu karne ya 15 hata karne ya 18. Walilima mtama. Ng’ombe wao waliwekwa mazizini, na samadi ikapelekwa shambani. Katika sehemu nyingine hata udongo wenyewe wa shamba uliletwa na maji ya mafuriko, ukakamatwa kwa kuta za mawe, mwaka kwa mwaka, mpaka penye mawe matupu pakawa shamba. Walikuwa nani? Wengine huwadhania jamaa za Wairaki, wengine jamaa za Wasonjo, ambao hata leo huishi kaskazini ya hapo na kumwagilia mashamba yao kwa mifereji. Na kwa nini waliondoka? Wengine husema maji ya vijito yalipunguka, wengine udongo ulichoka, wengine huleta habari za vita vya wafugaji. Hawajakubaliana.

Mzee wetu alipoyasikia hayo alitikisa kichwa akasema, “Mimi najua sababu. Hawa hawakumjua Mungu, naye akawafuta. Ndiyo habari ya miji yote ya kale.” Tukakiri kwamba sisi wenyewe tulikuwa tumekwisha kuyasema maneno kama hayo darasani, tulipofundisha habari za Babeli na Ninawi. Lakini pale, mkono wetu ukiwa juu ya ukuta uliopangwa kwa uangalifu mwingi namna ile, maneno yalikwama. Tukakumbuka mnara wa Siloamu ulioangukia watu kumi na wanane. Bwana wetu hakukubali kwamba hao walikuwa wakosaji kuliko wenzao wa Yerusalemu. Aliwageuzia maneno wale waliomsimulia, akawataka wajitazame wenyewe. Basi kama hao kumi na wanane hawakuhukumiwa na mawe yaliyowaangukia, sisi ni nani hata tuwahukumu watu wa Engaruka kwa mawe yaliyosimama?

Msomaji asidhani kosa hili hufanywa Afrika tu. Mbali sana, ng’ambo ya bahari ya Atlantiki, katika misitu ya Guatemala na Mexico, kuna mahame makubwa ya watu waitwao Wamaya. Katika mji wao wa Tikal walijenga mahekalu ya mawe marefu kuliko miti ya msitu, na kwa kuwa hapakuwa na mto karibu walichimba mabwawa ya kuwekea maji ya mvua. Miji hiyo ilihamwa yapata mwaka 900. Wataalamu hutaja ukame wa miaka mingi na vita vya wafalme wao. Wageni wengi huenda kuitazama, hasa wakati wa baridi ya nchi zao, na wengi hurudi wakisema kwamba Wamaya walifutika duniani. Si kweli. Wajukuu wao ni mamilioni, wanalima mahindi na kunena lugha zao katika nchi hizo hizo hata leo. Walioachwa ni mji, si watu. Nani ajuaye kama wajukuu wa Engaruka nao hawakukaa karibu nasi sokoni pale Mto wa Mbu, wakiuza vitunguu?

Basi tukaendelea kutembea, tukifuata mfereji mmoja kutoka juu kwenda chini. Tulipofika mwisho wake, mbali sana na mlima, yule kijana alisimama akasema, “Mwalimu, mashamba haya ya mwisho, mimi nadhani ndiyo yaliyokufa kwanza. Huko juu watu walikuwa bado wanakula, na hapa pamekwisha kuwa vumbi.” Tukamwuliza, “Umejuaje?” Akacheka, akasema, “Hata kwetu leo ni hivyo hivyo. Maji yakipungua, wa mwisho ndiye hujua kwanza. Na huko kwenu Kilimanjaro, mifereji inakwendaje?”

Swali lile la mwisho halikuwa na ubaya wo wote, lakini lilituchoma, na sasa ni lazima tueleze kwa nini.

Wasomaji wa milimani waijua mifongo. Kwa ajili ya wengine twaieleza. Mfongo ni mfereji wa maji utokao juu katika korongo. Mahali pa kuchepulia maji huzibwa kwa mawe, majani na magogo ya migomba, kisha maji huongozwa ubavuni mwa mlima, pengine mwendo mrefu sana, hata yafike katika vihamba. Kila mfongo una mzee wake, na wenye kuutumia hupeana zamu, huyu asubuhi, huyu jioni. Maji ya usiku hukusanywa katika bwawa dogo liitwalo nduwa, likafunguliwa mapambazuko. Johannes Rebmann alipofika Uchaga mwaka 1848, mifongo ilikuwapo tayari. Mingi yaitwa kwa jina la mtu aliyeianzisha au la ukoo wake. Mingine jina la mwanzilishi limekwisha kupotea, maji tu ndiyo yaliyobaki. Na kila mwaka, mbiu ya mfongo ikipigwa, watu wa nyumba zote hutoka na majembe kuusafisha na kuziba palipobomoka. Asiyetoka hutozwa faini.

Mwanzoni mwa mwaka ule mbiu ilipigwa kwetu. Sisi hatukwenda. Nyumbani petu pana bomba la maji, tena tulikuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Tukampa mtoto fedha ya faini ampelekee mzee wa mfongo. Jioni tulikutana naye njiani. Akatuamkia kwa upole, akasema, “Mwalimu, fedha yako tumeipokea. Lakini fedha haina mikono.” Tukamjibu, “Samahani, baba, ni kazi nyingi,” tukapita. Baadaye tulisikia kwamba nyumba nyingi zilifanya kama sisi. Waliotoka ni wazee wachache na vijana wawili. Mfongo ulisafishwa sehemu ya juu tu. Katika mwisho wa mfongo ule kuna kihamba cha mama mmoja mjane, ambaye bomba halijamfikia. Kiangazi kilipozidi, maji yalikuwa hayamfikii tena, na maharagwe yake yakakauka yakiwa na maua. Tuliyaona tulipokuwa twaenda kanisani. Tulimpa pole. Tukasema ni kiangazi.

Sasa, pale Engaruka, tukisimama mwisho wa mfereji mkavu wa watu tusiowajua, tuliona kwamba hatukumwambia mama yule kweli. Si kiangazi peke yake. Na tuliona tena kwamba tulikuwa tumefanya safari ya mbali kuyatazama mahame, kumbe mahame yalikwisha kuanza kwetu, katika shamba la mtu mmoja, hatua chache kutoka njia ya kanisani.

Hili ndilo tulilojifunza. Sisi hudhani mji huwa mahame siku adui ajapo, au siku kuta zinapoanguka. Lakini mfongo haufi hivyo. Mfongo hufa kuanzia mwisho wake. Walio juu huendelea kunywa na kusema mambo ni mazuri, na mtu wa chini huyaona mahame kabla yao, pengine kwa miaka mingi. Basi atakaye kujua kama mji wake u hai asiutazame pale penye kanisa na duka. Aende kwa mtu ambaye maji humfikia mwisho, amwulize.

Tena tulifikiri habari ya mawe na udongo. Mangi Sina wa Kibosho alikuwa na boma lenye kuta za mawe, imara sana. Wadachi walipolishambulia mwaka 1891 lilianguka, na leo ni mabaki ya kutazamwa. Mfongo nao ni udongo na majani tu. Mvua moja kubwa huweza kuubomoa. Walakini kuna mifongo itiririkayo leo ambayo ni ya zamani kuliko boma lile. Kwa nini? Kwa sababu boma lilijengwa ili lisihitaji kujengwa tena, na mfongo wahitaji kujengwa kila mwaka. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nao mfongo ni nyufa tupu, wala hauna ukuta wa kujivunia. Kinachoushika si mawe, ni mapatano ya watu. Engaruka walikuwa na mawe mazuri kuliko sisi. Mawe yangalipo, na mifereji ile ni mikavu.

Labda msomaji mmoja atasema, “Mwalimu, wataka tushike mambo ya kale hata yakiwa hayafai? Mfongo hupoteza maji mengi ardhini. Bomba ni safi. Siku zinageuka.” Neno hili ni la haki, nasi hatulipuuzi. Hatusemi kwamba kila kitu cha mababu lazima kiwekwe milele. Kama maji ya Engaruka yalikwisha kweli, basi watu wale walifanya vema kufunga mizigo, kuchukua watoto na ng’ombe wao, na kwenda kutafuta nchi nyingine. Baba yetu Ibrahimu naye alihama. Lakini kuacha na kutelekeza ni mambo mawili. Aachaye huangalia kwanza kama yuko mtu ambaye bado akitegemea kitu kile. Humngoja, humchukua, au humpa kingine badala yake. Atelekezaye hujitazama mwenyewe, akiona yeye ameshiba huondoka. Kama bomba lingemfikia mama yule, tungeweza kuuaga mfongo wetu kwa heshima. Lakini halijamfikia. Sisi hatukuuacha mfongo, tulimtelekeza mtu.

Iko na habari ya deni. Yule aliyeuchimba mfongo wetu mara ya kwanza hatumjui sana. Hakuwa Mkristo, Injili ilikuwa haijafika. Alipanda korongoni pasipo kipimo ila jicho lake, akaongoza maji kwenye nchi kavu, na huenda yeye mwenyewe hakuwahi kula mavuno mengi ya kazi ile. Sisi tumekula. Je, tutamlipaje? Yeye amekufa, fedha haimfikii, na shukrani yetu haisikii. Tulipokuwa tukifikiri hivyo tulikumbuka habari ya Isaka. Alipokuta visima vya Ibrahimu vimefukiwa na Wafilisti, hakukaa kuvisifu tu, wala hakujenga nguzo ya ukumbusho. Alivifukua, akaviita kwa majina yale yale aliyoyatumia babaye, na makundi ya mifugo yakanywa. Hivyo ndivyo deni la namna hii lilipwavyo. Halirudi juu kwa aliyechimba. Hushuka chini, kama maji yenyewe, kwa yule anayefuata. Mtu akimheshimu babu yake kwa maneno na kumwachia jirani wa chini shamba kavu, deni halijalipwa.

Twaongeza neno moja kwa wenzetu walimu na wote waliosoma. Hatari hii ni yetu zaidi kuliko ya wengine. Elimu hutupa mishahara, na mshahara hutupa njia ya kutuma faini badala ya kwenda. Faini si dhambi. Wazee waliiweka kwa ajili ya mgonjwa na msafiri. Lakini ikiwa kila mwenye uwezo atalipa asitoke, mwisho mfongo utakuwa na fedha nyingi na maji hakuna. Mtoto naye hujifunza. Yule mtoto tuliyemtuma na fedha alikuwa hajapata kuona mahali maji ya kwao yanapochepuliwa. Tulimfundisha mito mikubwa ya dunia yote, na korongo lililo juu ya nyumba yake hatukumwonyesha.

Tulirudi Moshi mwezi wa Julai, kifua kikiwa kimepona. Jambo la kwanza tulikwenda kwa mzee wa mfongo tukamwomba radhi, kama ilivyo desturi, na jani la sale mkononi. Akalipokea, akasema, “Mwalimu, hayo yamekwisha. Jumamosi uje na jembe.” Jumamosi tulikwenda, na mtoto yule pamoja nasi. Hatukuwa wengi, na hatuwezi kusema kwamba mfongo wote umetengenea. Pako mahali pamoja penye mwamba ambapo bado panatushinda, na zamu za maji zingali zina maneno. Lakini siku ya tatu ya kazi maji yalifika katika kihamba cha mwisho. Yule mama hakusema mengi. Alisimama na jembe lake akayageuza kuelekea kitalu cha kwanza, kisha cha pili.

Ndugu msomaji, labda hutapata nafasi ya kwenda Engaruka, wala kuvuka bahari kuyaona mahekalu ya Wamaya. Si lazima. Fuata maji ya kwenu, uyafuate mpaka yanapokoma, uone ni nani akaaye hapo. Kama huko hamna mfongo, iko barabara, iko shule, iko zahanati, liko kanisa. Kila kimoja kina mtu ambacho humfikia mwisho. Mjue jina lake. Na mbiu itakapopigwa, usitume mtoto na fedha kama tulivyofanya sisi.